Mwache asome yote mawili

Mama, umeuliza kama binti yako aache historia ashike sayansi peke yake, maana ustawi wa binadamu unatoka huko. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Ndui, iliyoua mamilioni, ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na chanjo ndiyo iliyoimaliza. Lakini chanjo haikutembea yenyewe: watu waliibeba kijiji kwa kijiji, wakiwabembeleza wazazi.

Na hapa Nairobi, Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971, katika anatomia ya wanyama. Msitu wa Karura haukuokolewa na shahada hiyo, jamani. Uliokolewa na ujasiri wake na wenzake mbele ya wanyakuzi wa ardhi. Jumamosi mpeleke Karura, mtembee, umsimulie hayo kabla hajachagua.