Laptopu ya zamani na gemu: shusha volteji kabla ya kutafuta kasi

Prosesa nyingi za laptopu za Intel hazikubali kuovaklokiwa, yaani kuongezwa kasi kupita ya kiwandani. Zenye herufi U, H au HQ zimefungwa kiwandani. Miongoni mwa zilizo wazi ni HK, kama i7-6820HK na i7-7820HK, na zile XM za zamani. i7-4700MQ ya 2013 huongezeka MHz 200, nayo ni pale BIOS (programu ya msingi ya ubao) isipozuia.

Tuchukue i7-7700HQ, ambayo utaikuta sana kwenye laptopu za gemu za mtumba. Inaweza kwenda GHz 3.8 kiini kimoja kikifanya kazi, na 3.4 vyote vinne vikiwa kazini. Lakini ukicheza Dar au Mombasa kwenye chumba chenye nyuzi 32, prosesa ikigusa 100 inajipunguza yenyewe hadi 2.8 au chini zaidi, na gemu linaanza kukwamakwama. Kazi yako ni kuirudisha 3.4 na kuiacha ikae hapo.

Kabla ya kushika bisibisi, jua kinachobana ni nini. Shusha rezolusheni ya gemu kutoka 1080 hadi 720. Fremu zikipanda sana, mzigo uko kwenye kadi ya michoro na prosesa haina kosa. Zisipopanda, endelea. Angalia pia RAM: kama kuna kijiti kimoja tu, kuongeza cha pili kinachofanana nacho huondoa mikwamo ambayo watu huilaumu prosesa.

Sasa fungua. Chomoa betri kutoka kwenye ubao kwanza. Vumbi baya halionekani kwa nje. Linajipanga kati ya feni na mapezi ya shaba kama kipande cha blanketi, na utaliona ukiondoa kifuniko cha feni tu. Ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke. Skrubu za kipoza joto mara nyingi zina namba: legeza kuanzia namba kubwa, kaza kuanzia 1, kidogokidogo kwa zamu. Futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwa alkoholi ya isopropili, kisha paka mpya ifunike uso wote wa chipu, kwa sababu prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma ya kusambaza joto. Kona ikibaki kavu, kiini kimoja kitakuwa na joto kuliko wenzake. Chagua pesti nzito. Nyepesi husukumwa pembeni chipu inapopata moto na kupoa. Metali ya kimiminika iache: inapitisha umeme na inakula alumini.

Pedi laini zilizo juu ya chipu za kumbukumbu zina unene wake, mara nyingi milimita 0.5 au 1. Ukiweka nene kuliko ya awali, kipoza joto kinanyanyuka na prosesa inachemka kuliko mwanzo. Hapo ndipo mafundi wengi wa haraka wanapoharibu.

Baada ya hapo ndipo volteji. Pakua ThrottleStop, programu ya Windows ya kudhibiti prosesa, bonyeza FIVR, chagua CPU Core, weka alama kwenye Unlock Adjustable Voltage, shusha Offset (kiasi cha volteji kinachopunguzwa) hadi −50 mV. Fanya vivyo hivyo kwa CPU Cache. Kwenye kizazi hiki ukishusha Core peke yake hakuna kinachobadilika. Usihifadhi bado. Cheza nusu saa, kisha shuka kwa hatua za mV 10. Wati hufuata mraba wa volteji: kutoka volti 1.05 hadi 0.95, kwa kasi ileile, unaokoa karibu asilimia 18 ya umeme, na joto linalozalishwa linapungua kwa kiasi hicho.

Ukizidisha, utapata skrini ya bluu yenye WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, au mashine itaganda kimya. Hakuna kilichoungua, ukiwasha upya volteji inarudi ya kawaida. Panda milivolti 15 ukae hapo, na ukague Event Viewer (daftari la matukio la Windows) kama WHEA-Logger bado inaandika makosa, maana mengine hayaangushi mashine.

Offset ikibaki sifuri, huenda BIOS iliboreshwa baada ya Desemba 2019, udhaifu wa kiusalama wa Plundervolt, unaotumia mabadiliko ya volteji, ulipotangazwa na watengenezaji wakaanza kufunga mlango huo. Memory Integrity, kinga iliyo ndani ya Windows, nayo huzuia. Kuizima kunapunguza ulinzi, kwa hiyo sishauri kwenye mashine unayofanyia miamala ya benki.

Prosesa ikiwa imeng'ang'ania MHz 800 bila joto lolote, tazama chaja. Dell, kwa mfano, isipoitambua chaja hubana kasi makusudi. Kuondoa alama ya BD PROCHOT (ishara inayoibana prosesa) ndani ya ThrottleStop kunaifungua, lakini kama chaja ni ya wati 65 kwenye mashine inayotaka 130, chaja hiyo itachemka au kujizima katikati ya gemu. Nunua ya wati sahihi.

Mipangilio ikishatulia, ihifadhi, na uiweke ThrottleStop kwenye Task Scheduler ijiwashe kila unapoingia Windows.