Walawi 18: kabla ya kusoma, chora ukoo

Miaka kadhaa iliyopita, nikiongoza kikundi cha kujifunza Biblia, kijana mmoja aliniuliza kama anaruhusiwa kumwoa binti ya baba yake mdogo. Nikamjibu papo hapo, bila kufungua kitabu: Walawi 18 imekataza. Usiku nikaisoma sura nzima mara mbili, pamoja na orodha yake ya wanawake ambao mwanamume amekatazwa. Hayumo. Wiki iliyofuata ilibidi nisimame mbele ya wale wale niyameze maneno yangu.

Kilichoniponza ni Kiswahili changu mwenyewe. Mstari wa 9 unamkataza dada, aliyezaliwa na baba yako au mama yako. Sasa kwetu baba mdogo ni baba, na binti yake namwita dada. Kiebrania kina neno lake kwa kila mmoja: baba ni av, ndugu wa baba ni dod. Ndiyo maana katika Hesabu 36 mabinti watano wa Selofehadi wanaolewa na wana wa baba zao wadogo na wakubwa ili ardhi isihame kabila, na hakuna anayeshtuka. Kama mila ya kwenu inamkataza binamu, iheshimu kama mila. Usimbebeshe Musa.

Tangu hapo sisomi sura hii bila karatasi. Mweke mwanamume mmoja katikati, umzungushie waliotajwa: mama, mke mwingine wa baba, dada, mjukuu, shangazi, mama mdogo, mke wa baba mdogo, mkwe yaani mke wa mwana, shemeji. Halafu tazama mchoro wako. Mkwe hana damu nawe, wala mke wa baba mdogo, kwa hiyo suala la damu peke yake halitoshi kuieleza orodha hii. Hawa ni wanawake ambao mtu yule angeweza kukutana nao uani kila asubuhi. Waisraeli waliishi katika beit av, yaani nyumba ya baba: mzee, wanawe na wake zao, wajukuu, wote chini ya mkono mmoja. Katika boma la namna hiyo mkwe angemkimbilia nani, kama anayemsumbua ndiye mwenye nyumba? Tena maneno yanayorudiwa katika sura ni "kufunua utupu", yaani kulala na mtu, ambayo hayaishii kwenye ndoa, bali yanagusa hata tendo la siri. Ukitaka kuona hatari yenyewe, soma 2 Samweli 13, Amnoni anapojifanya mgonjwa ili Tamari, dada yake kwa baba, aje kumwandalia mikate chumbani.

Utaulizwa kuhusu wazee wa zamani. Sara alikuwa dada wa Ibrahimu kwa baba, Yakobo alioa mtu na dada yake, Amramu, baba yake Musa, alimwoa shangazi yake Yokebedi. Usihangaike kuwasafisha. Musa mwenyewe alizaliwa katika ndoa ambayo sheria iliyopitia mikononi mwake inaikataza, na Biblia imeliandika hilo bila haya.

Panapoleta vurugu kweli ni kwa mke wa ndugu. Walawi 18:16 inamkataza. Kumbukumbu la Torati 25 inamwagiza ndugu amtwae mjane. Hiyo ya pili ina masharti: ndugu wawe wanakaa pamoja, na marehemu awe hakuacha mwana, ili jina lake lisifutike. Ndugu akikataa, mjane anakwenda kwa wazee langoni, anamvua kiatu na kumtemea mate usoni. Mwenye kushtaki pale ni mwanamke.

Nimewahi kukaa kwenye kikao baada ya matanga, shemeji akaisoma sura hiyo mbele ya mjane mwenye watoto wanne, wawili wa kiume, kuonyesha kwamba kumrithi ni agizo la Mungu. Nikamwomba arudie mstari wa 5 polepole. Alipofika penye "hana mwana" akanyamaza. Wale vijana wawili walikuwa mlangoni, wanasikiliza. Akafunga Biblia, akauliza kama chai imeiva.