Maswali Yenu: Je, Mfalme Pandukabhaya Aliishi Kweli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo Maskati, nafanya kazi za ndani. Dada mmoja wa Sri Lanka ninayelala naye chumba kimoja alinionyesha kwenye simu filamu ya Kisinhala iitwayo Aba, ya mwaka 2008, ya mwongozaji Jackson Anthony. Inamhusu mfalme wao wa kale, Pandukabhaya. Hatukuimaliza, tukaitwa kazini. Kwa nini wajomba wamwinde mtoto wa dada yao? Na mtu huyu aliishi kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na wajomba. Mahavamsa, kitabu cha kale cha tarehe za wafalme wa kisiwa hicho, kinasema mfalme Panduvasudeva alikuwa na wana kumi na binti mmoja, Chitta. Waaguzi wakatabiri kuwa mtoto wa kiume wa Chitta atawaua wajomba zake na kutwaa ufalme. Kaka zake wakataka kumuua. Mkubwa wao, Abhaya, akakataa. Basi wakamfungia Chitta kwenye chumba kilichojengwa juu ya nguzo moja. Wapi! Alishika mimba, akajifungua mvulana, akabadilishana kwa siri na mama aliyezaa msichana siku hiyohiyo.

Mtoto akalelewa na mchunga ng'ombe. Wajomba walipopata fununu wakatuma wauaji bwawani, watoto walikokuwa wakioga. Hapa ndipo huwa nasisimka kila nikisoma: Pandukabhaya alizama na nguo zake mwilini, akajificha kwenye gogo lenye uwazi lililosimama majini. Wauaji wakahesabu nguo zilizoachwa ukingoni, wakawaua wenye nguo hizo, wakarudi kusema kazi imekwisha. Watoto wale wengine hawatajwi hata majina, na mimi huwawaza wao zaidi kuliko mkuu wao.

Kama aliishi? Mimi naona nyuma ya kisa hiki kuna mtawala wa kweli, lakini si kila kilichoandikwa kinashikika. Mapokeo yanamweka kati ya 437 na 367 KK, ilhali Mahavamsa iliandikwa na mtawa wa Kibudha karibu karne ya 5 BK. Kinasema alitawazwa akiwa na miaka 37, akatawala 70. Hesabu hiyo ni ngumu kuimeza. Anasifiwa pia kuwa ndiye aliyeujenga mji wa Anuradhapura, ingawa waliochimba pale wamekuta watu waliishi karne kadhaa kabla yake.

Ninachokipenda mno ni sura ya baada ya vita vyake na wajomba zake. Kitabu kinaorodhesha watu 500 wa kufagia mji, 200 wa kusafisha mitaro ya maji machafu, 150 wa kubeba maiti na 150 wa kulinda makaburi. Huenda mtawa alikuwa anauchora mji wa zama zake mwenyewe, lakini ni wasimulizi wachache wa wafalme wanaokumbuka mfagizi. Na Abhaya, yule mjomba aliyemtetea Chitta, hakuuawa: alipewa kuulinda mji usiku.

Mji upo, umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1982. Hata ziwa analosemekana kulichimba, Abhayavapi, bado lina maji; leo linaitwa Basawakkulama. Mkipata nafasi tena, mwombe dada huyo akusimulie habari za Chetiya, jini jike mwenye umbo la farasi ambaye Pandukabhaya alimpanda vitani.