Guangzhou si ghala: maswali yenu na majibu

Wasomaji wanaofuata mzigo Guangzhou, kusini mwa China, wameandika kwa wingi safari hii. Maswali ya bei ya vitenge na nauli ya kontena nimeyaacha, yana wajuzi wake. Nimechukua yale yanayohusu mji wenyewe.

Swali: Nimekwenda Guangzhou mara nyingi kwa biashara. Ukiacha masoko, kuna cha kuona kweli? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Swali hili nalipata kila mara, na kila mara linaniuma. Guangzhou ni bandari yenye zaidi ya miaka 2,000. Waarabu waliijua kwa jina la Khanfu, na masimulizi yao ya mwaka 851 yanaeleza kwamba mtawala wa China alimweka hapo kadhi Mwislamu awaamulie Waislamu wenzake kesi zao na kuwasalisha Idi. Wakati huo Kilwa ilikuwa kijiji cha nyumba za udongo. Na katika karne hiyo hiyo ya 9, mitungi mikubwa kutoka kusini mwa China ilikuwa tayari inashushwa Manda na Shanga, kwetu Lamu. Mji huu umekuwa ukifanya biashara na bahari yetu kabla mababu wa mababu zetu hawajazaliwa, halafu mtu anauita "China ya maduka".

Unalala Xiaobei, mtaa wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Afrika, sivyo? Kutoka hapo unakwenda kwa miguu hadi makumbusho ya mfalme wa Nanyue. Mwaka 1983 wajenzi waliokuwa wakisawazisha kilima ili wajenge nyumba za kuishi waligonga paa la kaburi. Ndani alikuwamo Zhao Mo, mfalme wa pili wa Nanyue, dola ya kale ya kusini mwa China, aliyefariki yapata mwaka 122 kabla ya Kristo. Mwili wake ulivikwa vazi la vipande 2,291 vya jade, jiwe la thamani, vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri. Humo humo kulikutwa kisanduku cha fedha chenye umbo la Kiajemi, na ubani. Ubani hauoti Guangzhou. Ulikuja kwa njia ya bahari. Unaruhusiwa kushuka hadi kwenye vyumba vya kaburi lenyewe, mawe yakiwa pale pale yalipowekwa. Tenga saa mbili.

Swali: Kuingia makumbusho ni bure? (Bila jina)

Baadhi bure, baadhi kwa kiingilio kidogo ambacho hakifiki bei ya chakula cha mchana. Kinachowakwamisha wengi ni pasipoti. Makumbusho mengi huitaka pasipoti yenyewe mlangoni au wakati wa kuweka nafasi kwa simu, na picha yake mara nyingi haikubaliki. Hapa nasema jambo ambalo hukuuliza: usimwachie wakala pasipoti yako "aitunze" hadi mzigo utoke. Sheria ya China inamtaka mgeni aliyefikisha miaka 16 atembee nayo. Na ukifikia kwenye nyumba ya rafiki badala ya hoteli, unatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Nimeona watu wazima wakizuiwa kwa uzembe wa mambo haya mawili, na hakuna wakala aliyekwenda kuwatetea.

Swali: Sheikh wetu anasema Sahaba Saad bin Abi Waqqas amezikwa Guangzhou. Ni kweli? Naweza kuzuru? (Msomaji, Mombasa)

Kuzuru unaweza. Kaburi liko ndani ya bustani yenye miti mikubwa, si mbali na stesheni ya zamani ya reli, na pembeni yake kuna msikiti unaojaa siku ya Ijumaa: Wachina, Waarabu, Wasomali, Wahausa, Waswahili. Waislamu wa China wamelitunza kaburi hili kwa karne nyingi wakiamini ni la Saad. Ingia kwa adabu, toa salamu, omba dua.

Ama ukweli wa historia, vitabu vya Kiarabu vinasema Saad alifariki karibu na Madina na akazikwa Baqii. Kumbukumbu za Kichina zenyewe zinataja ujumbe wa kwanza kutoka kwa Khalifa kufika kwa mfalme wa Tang mwaka 651, zama za Sayyidna Uthman, lakini hazimtaji Saad. Kwa hiyo aliyezikwa hapo huenda ni mwalimu au mfanyabiashara mwingine wa mwanzo mwanzo. Mimi sioni kwamba hilo linampunguzia heshima. Mtu aliyevuka bahari yote hiyo akafia ugenini, na wenyeji wakamtunza hadi leo, anastahili fatiha yako hata kama jina lake limepotea.

Ukitoka hapo nenda Msikiti wa Huaisheng, barabara ya Guangta, kituo cha metro cha Ximenkou. Mnara wake una urefu wa mita 36, mviringo, mweupe, hauna nakshi hata moja, na ndani una ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana. Zamani mto ulipita karibu, na mnara huu uliwaongoza manahodha wakitafuta bandari usiku. Mto umejaa mchanga ukasogea kusini, mnara umebaki katikati ya maghorofa. Msikiti uliungua mwaka 1343 ukajengwa upya 1350, na jiwe la mwaka huo lenye maandishi ya Kiarabu na Kichina bado lipo. Wanaosema ulijengwa mwaka 627 wanasimulia mapokeo; wanahistoria wanabishana kama mnara ni wa enzi ya Tang (618–907) au ya Song (960–1279). Mabishano hayo waachie wao. Wewe angalia vigae vya paa, ukumbi uliojengwa kama hekalu la Kichina, na mihrabu iliyoelekea Makka. Asiye Mwislamu mara nyingi hazuiwi barabarani lakini huzuiwa getini, na asikasirike: ni mahali pa ibada.

Swali: Chakula cha halali kinapatikana? (Mama wa duka, Mwanza)

Kinapatikana. Fuata migahawa ya tambi ya Waislamu kutoka Gansu na Qinghai, imejaa karibu na misikiti na Xiaobei. Kwenye chai ya asubuhi ya Wakantoni, wenyeji wa Guangzhou, uliza kila sahani, maana hata kitafunwa kisicho na nyama huweza kukandwa kwa mafuta ya nguruwe.

Swali: Nataka kupiga picha za harusi kisiwa cha Shamian, nimeona mtandaoni pazuri mno, kama Ulaya. Unashaurije? (Bibi harusi mtarajiwa, Nairobi)

Piga picha, ni pazuri kweli. Miti yake ya kale na veranda zake sitazibeza. Ila ujue umesimama juu ya nini.

Baada ya Vita vya Pili vya Kasumba, Waingereza na Wafaransa waliuchukua ufuko huu wa mchanga, wakachimba mfereji kuutenga na mji na kuugeuza kisiwa, kisha mwaka 1861 wakagawana: Waingereza sehemu nne, Wafaransa moja. Mchina hakuingia atakavyo kwenye ardhi ya mji wake mwenyewe. Madaraja yalikuwa na walinzi na usiku yalifungwa. Tarehe 23 Juni 1925 waandamanaji, wanafunzi wengi miongoni mwao, walipita ng'ambo ya mfereji. Risasi zikapigwa kutoka Shamian, na zaidi ya watu 50 wakafa. Barabara ya upande wa pili inaitwa hadi leo kwa tarehe hiyo. Sisi tuliotawaliwa, tuliopangiwa mitaa ya wazungu yenye upepo mzuri na maeneo ya wenyeji yasiyo na maji, hatupaswi kusema "kama Ulaya" na kupita. Vuka daraja ukiwa na gauni lako, nenda kwenye mnara wa kumbukumbu wa ng'ambo, simama kidogo. Bwana harusi naye asimame.

Swali: Kanisa kubwa la mawe liko wapi? Nasikia ni karibu na soko. (Katekista, Bukavu)

Liko Yide Lu, pale pale unaponunulia wanasesere, mapambo na samaki wakavu. Lilijengwa kwa mawe matupu ya matale, kati ya 1863 na 1888, minara yake miwili ina mita 58. Watu wa Yide Lu wanaojua bei ya kila katoni hawajawahi kuinua macho. Kiwanja chake kilikuwa cha makao ya gavana yaliyobomolewa katika vita ile ile niliyomtajia bibi harusi.

Swali: Nimesikia Guangzhou kuna mafundi hodari wa kuchonga pembe za ndovu. Nikinunua kipande kidogo tu cha ukumbusho kuna tatizo? (Msomaji, Arusha)

Usinunue. Hata kipini.

Umeniandikia kutoka Arusha, kwa hiyo nitasema yote. Ufundi huo ni wa kweli na ni wa kale. Mafundi wa Guangzhou walichonga tufe ndani ya tufe, tabaka juu ya tabaka, kila moja likizunguka peke yake, kutoka pembe moja isiyoungwa. Mwaka 2006 serikali yao iliuweka katika orodha ya urithi wa taifa. Kwenye kaburi la Zhao Mo zilikutwa pembe tano kubwa, na makumbusho yanaeleza kwamba ni za tembo wa Afrika. Kama ndivyo, basi pembe zetu zinafika huko tangu kabla ya Kristo.

Sasa weka karibu na hilo hesabu hii: mwaka 2009 Tanzania ilihesabu tembo zaidi ya 100,000, na mwaka 2014 walibaki takriban 43,000. Miaka mitano. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilikwenda Asia, na waliozibeba hadi bandarini hawakuwa Wachina peke yao, walikuwamo ndugu zetu. China ilifunga biashara yote ya pembe nchini mwake mwishoni mwa 2017, na mafundi wake sasa wanachonga mifupa na pembe za mamothi, wanyama wa jamii ya tembo waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Kazi za mababu zao ziangalie kwenye kabati la makumbusho, ustaajabu, usifie mkono wa fundi. Atakayekunong'oneza nyuma ya duka kwamba anacho kipande cha zamani chenye karatasi zote, ondoka. Ukikamatwa nacho uwanja wa ndege, huko au Kilimanjaro, ni jela, na mimi nitaona ni haki.

Swali: Na sahani za kale za kauri? (Mkusanyaji, Zanzibar)

Nyingi unazoonyeshwa ni mpya zilizozeeshwa kwa chai na udongo. Ya kweli iliyotengenezwa kabla ya 1911 hairuhusiwi kutoka China. Kwa vyovyote vile umepoteza.

Swali: Je, twiga wa Malindi alifikishwa Guangzhou? Nataka kuwaonyesha watoto mahali. (Baba, Malindi)

Hapana. Twiga huyo wa mwaka 1415 alipelekwa kwa mfalme wa China, na misafara ya Zheng He, amiri wa meli za mfalme huyo, iliandaliwa Nanjing na pwani ya Fujian. Hadithi ya twiga imerudiwa hadi watu hawaulizi jambo jingine lolote. Guangzhou ina yake. Kumbukumbu za enzi ya Song zinataja wajumbe wa nchi iitwayo Cengtan, mwaka 1071 na 1083. Wapo wanazuoni wanaosema hiyo ni Zanj, pwani yetu, na wapo wanaokataa. Naye Zhu Yu, mwandishi wa Kichina aliyeandika mwaka 1119, anasema matajiri wa Guangzhou walimiliki watumwa weusi wenye nguvu nyingi, waliolishwa chakula cha kupikwa wasichokizoea hadi wakaugua, na baadhi wakafa. Kama walitoka kwetu au visiwa vya kusini mashariki mwa Asia, bado kunabishaniwa. Anayewasimulia wanawe fahari ya twiga awasimulie na hili.

Na kabla ya nauli ya China, wapeleke Gedi, ni mwendo mfupi kutoka mlangoni kwako. Vigae vya kauri za Kichina vilivyochimbuliwa pale havina foleni.

Swali: Nina siku moja tu kabla ya ndege. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Kampala)

Anza mapema, kituo cha Chen Clan Academy. Ni jumba la ukoo wa Chen, lililojengwa kuelekea mwisho wa karne ya 19 kwa michango ya watu wa jina hilo kutoka wilaya 72, vijana wao wapate pa kufikia wakija kufanya mitihani ya serikali. Mitihani yenyewe ikafutwa mwaka 1905. Simama uani utazame juu: ukingo wa paa umejaa mamia ya sanamu za udongo wa Shiwan, majenerali, wavuvi, popo, matunda. Watu hupiga picha mlangoni wakaondoka; usifanye hivyo.

Kisha Ximenkou kwa Huaisheng, kisha metro hadi Yuexiu Park kwa mfalme wa Nanyue. Angalia kwanza siku ya kufungwa, mara nyingi ni Jumatatu. Ukibaki na nguvu, panda bustani ya Yuexiu hadi Mnara wa Zhenhai, wa mwaka 1380, orofa tano.

Ukiwa na siku ya pili, chukua laini ya 13 hadi Hekalu la Nanhai, upande wa Huangpu. Lilianzishwa mwaka 594, na mabaharia walipita hapo kuomba bahari iwe shwari kabla ya kutweka tanga. Ndani kuna sanamu ya mgeni mweusi wa uso aliyevishwa joho la afisa wa Kichina, mkono umeinuliwa juu ya macho, anatazama mbali. Hadithi inasema meli ilimwacha. Mwezi wa pili wa kalenda yao, kuanzia tarehe 11 hadi 13, kuna sherehe kubwa. Nenda asubuhi, mchana hapapitiki.