Ndugu yako ana lupasi? Usikimbilie kupima jeni

Tangu dada aambiwe ana lupasi, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, nyumbani swali ni moja tu, je na sisi tumo? Shangazi anataka watoto wote wa ukoo wakapimwe jeni, na hofu yake naielewa kabisa.

Urithi upo, tusidanganyane. Kuna jeni zinaitwa HLA, ziko kwenye kromosomu namba 6, kazi yake ni kuionyesha kinga ya mwili vipande vya protini ili ijue hiki changu na hiki mgeni, na zinatofautiana mno mtu na mtu, ndo maana hata figo ya kupandikiza lazima watafute inayoendana. Aina kama DR2 na DR3 zinaonekana zaidi kwa wenye lupasi. Hapohapo jirani kuna jeni ya C4, inayosaidia kusafisha mabaki ya seli zilizokufa, wengine wana nakala nyingi wengine chache, na mwenye chache hatari yake inapanda.

Lakini watu kibao wana jeni hizohizo na hawaugui maisha yao yote! Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake anabaki salama. Kwa hiyo mtoto hana dalili yoyote, majibu ya jeni yatakusaidia nini zaidi ya kukunyima usingizi? Na kipimo cha ANA vilevile, kile cha damu kinachotafuta kingamwili zinazolenga seli za mwili wenyewe, kinaweza kutoka positivu kwa mtu mwenye afya yake.

Weka macho kwenye dalili, hasa kwa mabinti maana kati ya wagonjwa 10 kama 9 ni wanawake. Viungo kuvimba na kukaza asubuhi, vidonda mdomoni, nywele kukatika, upele mashavuni ukipigwa jua, na kwa ngozi zetu nyeusi upele huo si lazima uwe mwekundu, unaweza kuwa kama weusi tu. Homa isiyoisha huku kila siku unatibiwa malaria na taifodi, mwambie daktari wazi kwamba kwenu kuna lupasi, usisubiri akuulize. Omba upimwe presha na protini kwenye mkojo, figo zinaweza kuharibika huku huumwi popote.

Na aliyeandikiwa haidroksiklorokwini asiiache eti kwa sababu ni ndugu wa klorokwini ya malaria. Hiyo dawa inazuia ugonjwa usilipuke tena, muhimu awe anapimwa macho kama daktari alivyopanga.