Glovu nimevaa, kunawa tena kwa nini?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mama amelazwa anaharisha, vipimo vimeonyesha Clostridioides difficile, kahamishiwa chumba cha peke yake na tukiingia tunavaa gauni na glovu. Sasa kila nikitoka nesi ananirudisha ninawe kwa sabuni, wakati glovu nilivaa na sanitaiza ninayo kwenye pochi. Ni lazima kweli?

JIBU: Ndio dada, lazima, na huyo nesi mshukuru. Mama mpe pole.

Huyo bakteria anatengeneza spora, yani anajifungia kwenye ganda gumu, na hizo spora alkoholi haiziwezi hata upake sanitaiza chupa nzima. Sabuni nayo haiziui ila ukisugua zinang'oka zinateremka na maji, ndo maana tunataka sekunde 40 mpaka 60, katikati ya vidole, chini ya kucha, kote.

Ila hili la glovu ndo linanichosha jamani, kila siku nalirudia. Glovu inachafuka kama ngozi tu, tena afadhali ngozi manake ukishika kitu kibichi unakisikia, ukiwa na glovu unajisahau. Juzi nimesimama mlango wa chumba kama hicho namwangalia ndugu wa mgonjwa: kashika reli ya kitanda, kanyoosha shuka, simu ikaita akaichomoa mfukoni na glovu zile zile, kaongea, kairudisha, katoka kashika kitasa, glovu kaja kuzitupa koridoni na moyo mweupe kabisa. Hiyo simu jioni anachezea mtoto. Halafu glovu zina vitundu ambavyo macho hayavioni, na ukizivua vidole vinagusa upande wa nje. Kwa hiyo vua humo humo ndani, glovu kwanza ndo gauni, kisha nawa.

Na msidanganywe na hawa wanaouza mashine za kupulizia watu klorini mlangoni, Shirika la Afya Duniani lilishakataza, inaunguza macho na kukera mapafu na mikono inabaki vile vile. Klorini ni ya sakafu na kitanda. Kila ugonjwa una njia yake, surua inapita hewani na kirusi chake kinaweza kuelea mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa kutoka, huko glovu zako kumi hazisaidii kitu. Someni karatasi iliyobandikwa mlangoni kabla ya kuingia, na ukikuta hata sisi wahudumu tunazunguka koridoni na glovu tuambie hapo hapo, tuzivue.