Kabla Hujamtafutia Mzee Daktari Bingwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Dada, nyayo za baba zinawaka moto usiku, hata shuka halivumilii. Nielekeze kwa bingwa mzuri wa mifupa." Nilisoma nikahisi anamzungumzia baba yangu mimi.

Mzee wangu alianza na ganzi kwenye vidole vya miguu, ikapanda taratibu. Usiku alikuwa akichomwachomwa kama aliyekanyaga miiba. Ndugu wakakaa kikao, wakaamua kwamba miguu ni mifupa. Akapelekwa kwa bingwa wa mifupa kwenye hospitali moja ya binafsi, akapigwa picha za magoti, za nyonga, za kiuno. Kwa umri wake picha haikosi kuonyesha kitu. Wakaona pingili za kiuno zimelika, wakamwandikia mkanda wa kiunoni na diklofenaki, dawa ambayo kwa mwenye kisukari inaweza kuzidhuru figo. Ng'ombe wakauzwa, miguu ikaendelea kuwaka. Hakuna hata mmoja pale aliyempima sukari. Mpaka leo nikipita mbele ya jengo lile roho inaniuma, na sioni sababu ya kuficha.

Mimi ndiye niliyesema basi, nikampeleka hospitali ya wilaya akaonwe na daktari wa kawaida. Kaka yangu alinipigia simu akasema nambania mzee hela. Daktari mwenyewe alikuwa kijana. Alimwamkia mzee, akamvua viatu na soksi, akamwambia afumbe macho, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu. Mzee hakuhisi kitu. Kesho yake asubuhi, kabla hajala, sukari ilisoma 14, wakati kisukari huhesabiwa kuanzia 7 kwa mtu ambaye hajala. Sukari ilikuwa imeshaila mishipa ya fahamu ya miguuni. Tukaandikiwa rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya ndani, hospitali ya mkoa. Leo mzee analala usiku, alfajiri anakwenda msikitini kwa miguu yake, na kaka yangu akiuguliwa na mtoto ananipigia mimi kwanza. Najivunia hilo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Morogoro, usimchagulie baba bingwa kwa kuangalia panapouma. Anza na daktari wa kawaida, apimwe sukari, presha, figo na mkojo. Simaanishi lazima awe na kisukari. Ganzi ya miguu huletwa pia na upungufu wa vitamini B12, pombe ya miaka mingi, VVU, hata ukoma. Ndiyo maana anatakiwa mtu wa kumtazama mwili mzima kwanza.

Bingwa ni daktari aliyesoma udaktari miaka 5, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha akarudi chuoni miaka 3 au zaidi kusomea eneo moja. Eneo lake analijua kwelikweli, ila wewe wa nyumbani huwezi kujua eneo ni lipi. Miguu ikivimba, huenda ni moyo, figo, ini, au mshipa wa damu ulioziba. Hata figo zina mabingwa wa aina mbili: zikishindwa kuchuja damu utaonwa na bingwa wa figo, lakini mawe na tezi dume ni kazi ya bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo. Pale Muhimbili, Taasisi ya Mifupa, MOI, inapasua pia ubongo na uti wa mgongo, ilhali kifafa kwa kawaida hutibiwa kwa dawa na bingwa wa mishipa ya fahamu ambaye hashiki kisu. Utayajuaje yote hayo ukiwa sebuleni? Rufaa iliyoandikwa vizuri ndiyo inayojua.

Msidharau madaktari wa kawaida, jamani. Msiuze ng'ombe kabla ya kipimo cha sukari cha elfu chache. Ila mtu akipooza upande mmoja ghafla, au kifua kikimbana, hapo hakuna cha kuchagua daktari, mkimbizeni idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu.

Na wenye wazee wa kisukari tayari, mabingwa hawaishii kwa yule wa magonjwa ya ndani. Kila mwaka mzee aonwe na daktari wa macho, hata kama anasoma gazeti bila shida, kwa sababu sukari huharibu jicho kwa ndani kabla mwenyewe hajaona giza. Nyayo mkagueni nyumbani kila jioni, mpaka katikati ya vidole. Mkikuta kidonda, hata kidogo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.